Narinji za Sevilla: Nilivyojifunza Kucheza Sevillanas

Kwa wiki tatu za mwanzo mwalimu hakuniruhusu kuvaa viatu vya kuchezea. Aliniketisha ukutani kwenye kiti cha mbao kilichosukwa kwa manyasi, akaniambia nipige makofi, na kwa saa nzima, mara mbili kila wiki, wenzangu walicheza mbele yangu huku mimi nikihesabu moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, bila kuinuka. Nilikuwa nimelipa ada sawa na wao. Nilikuwa pia nimenunua viatu vyeusi vyenye misumari midogo iliyopigiliwa kwenye ncha na kwenye kisigino, kwa fedha ambazo mwanafunzi wa kigeni huzihesabu mara mbili kabla ya kuzitoa, na kila nilipovitazama ndani ya mfuko wake nilijiuliza kama mama huyu ananidharau.

Hakuwa akinidharau. Alikuwa akinifundisha ngoma kuanzia pale inapoanzia, yaani viganjani. Makofi ya Andalusia, eneo la kusini mwa Uhispania ulipo mji wa Sevilla, ni ya namna mbili, na kila namna ina kazi yake. Yako makofi makali, ambapo vidole vya mkono mmoja hupigwa kwenye kiganja cha mkono wa pili na kutoa mlio mkavu unaosikika hadi barabarani. Na yako makofi mazito, ambapo viganja vyote viwili hukunjwa kama vya mtu anayeteka maji kisha vikakutanishwa, ukatoka mlio wa chini kama wa mtungi. Makali hupigwa wakati gita na miguu vinapozungumza. Mwimbaji akianza kuimba, mpigaji huhamia kwenye mazito ili asiifunike sauti yake. Siku ya pili nilisahau kuhama, na mwalimu akaja, akaishika mikono yangu, akaikunja yeye mwenyewe kidole baada ya kidole, akasema, "Mwanangu, yule anaongea. Mtu anayeongea hapigiwi kelele."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia kabla, kwa lugha nyingine na kwa sauti nyingine. Nilizaliwa na kulelewa Mombasa, katika Mji wa Kale, na bibi yangu mzaa mama ni mpigaji wa vugo, ile ngoma ya harusi ya wanawake ambayo mdundo wake hutoka kwenye pembe zinazogongwa kwa vijiti. Tulipokuwa wadogo tulipewa pembe zetu, tukawekwa nyuma ya kina mama, na yeyote aliyegonga kwa nguvu kuliko waimbaji alishtukia kidole cha bibi kikimgonga begani. Bibi hakuwa na haja ya kusema lolote. Kwa hiyo nilipofika Sevilla mwezi wa Septemba mwaka 2022 kusomea shahada ya uzamili ya isimu, sikujiona kuwa mgeni wa ngoma, na nadhani hapo ndipo ugumu wangu wote ulipoanzia.

Niliingia darasani kwa sababu ya sauti. Usiku mmoja nilikuwa nikivuka daraja la Triana, lile la chuma lililofunguliwa mwaka 1852 juu ya mto Guadalquivir, nikasikia makofi yakitoka ndani ya mkahawa mdogo upande wa pili wa mto. Nilisimama. Mlikuwa na midundo sita ndani yake, na midundo hiyo ilikuwa ikigawanywa namna mbili kwa wakati mmoja, mara tatu-tatu, mara mbili-mbili, na zile mbili zikipita juu ya zile tatu kama watu wawili wanaopishana kwenye ngazi bila kugusana. Moyo wangu ulisema: hii ni chakacha. Hii naijua. Nilisimama penye mlango ule mpaka mwenye mkahawa akaja kuniuliza kama nataka kuingia.

Siku iliyofuata niliuliza chuoni, na mwanafunzi mmoja akanipeleka kwa mwalimu wake, mama wa Triana, mtaa wa ng'ambo ya mto, aliyekaribia miaka sabini, mwenye nywele nyeupe zilizofungwa nyuma na mgongo ulionyooka kama mlingoti. Alifundisha katika chumba cha chini cha nyumba ya zamani yenye ua katikati. Ua ule nao ulinifanya nijisikie nyumbani; zamani familia nyingi za Triana ziliishi hivyo, vyumba vikizunguka ua mmoja, kisima kimoja na kamba za nguo za pamoja. Nikamwambia kwa Kihispania changu cha wakati ule kwamba kwetu tuna ngoma inayofanana na yao. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama miguuni, akasema, "Vizuri. Keti hapo."

Nilipoanza kucheza niligundua kwamba mwili wangu ulikuwa umejaa majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Tulikuwa tukijifunza sevillanas, ambayo si flamenko kamili, ule muziki na ngoma ya Andalusia, kwa maana wanayoitumia wajuzi wenyewe, bali ni ngoma ya watu wote, mtoto wa seguidilla, nyimbo na ngoma za Castilla ya katikati mwa Uhispania, aliyekulia Andalusia na kuvishwa nguo za flamenko. Huchezwa na watu wawili wanaotazamana. Ina sehemu nne, na kila sehemu imegawanyika mara tatu. Wenyewe husema kwamba katika sehemu ya kwanza wawili wanakutana, katika ya pili wanapendana, katika ya tatu wanagombana na katika ya nne wanapatana. Hatua ya msingi huchukua midundo sita, mitatu kwenda mbele na mitatu kurudi, na mtu yeyote mwenye miguu miwili anaweza kuijifunza kwa siku moja. Kiuno ndicho kilichonishinda.

Aliyecheza chakacha anajua kwamba kila kitu huanzia kiunoni, na kwamba leso hufungwa pale ili mzunguko uonekane. Katika sevillanas kiuno hutulia. Kifua huinuliwa, mabega hushushwa, mikono hupanda juu kwa mviringo kana kwamba mtu amebeba chungu kikubwa mbele yake, na nguvu zote za miguu huteremka ardhini bila kupitia nyonga. Mimi kila nilipopiga hatua, nyonga zilijibu. Mwalimu alijaribu kunieleza kwa maneno, akajaribu kunishika, mwisho akaniuliza kile kitambaa nilichokuwa nikijitandia mabegani baada ya kutoka jasho ni kitu gani. Nikamwambia ni leso, na kwamba ina maneno, na maneno yake ni "Mgeni njoo mwenyeji apone." Akataka kuelezwa maana, akayarudia mara mbili polepole. Kisha akaikunja leso yangu kwa urefu, akanifunga nyongani kwa fundo gumu, ncha zikining'inia upande wa kushoto, akasema, "Sasa tutacheza, na ncha hizi zikitikisika, ujue umerudi kwenu."

Kwa muda wa miezi miwili nilicheza nikitazama ncha za leso kwenye kioo. Kitambaa ambacho tangu utoto wangu kilifungwa nyongani ili kionyeshe mwendo kilikuwa sasa kimefungwa mahali palepale, kwa fundo lilelile, ili kionyeshe utulivu. Sijui kama mwalimu alitambua jambo alilonifanyia. Mimi lilinikaa, na hata leo nikiikunja leso ile nasikia mikono yake.

Mikono yangu nayo ilikuwa na somo lake. Katika Andalusia watoto hufundishwa kuzungusha viganja kwa maneno ambayo karibu kila mtu anayajua: chuma tofaa, liume, litupe. Mkono hupanda na vidole vikifunguka kimoja kimoja kama unaoshika tunda, kifundo huzunguka na kulileta kinywani, kisha mkono hushuka ukilitupa kando. Mwalimu alikuwa akilirudia hilo kila siku, chuma, uma, tupa, chuma, uma, tupa, na jioni moja ya Januari, tulipotoka darasani wakati miti yote ya mtaa ule ikiwa imeelemewa na matunda ya rangi ya moto, nilinyoosha mkono kama nilivyofundishwa, nikachuma chungwa moja na kulimenya hapohapo njiani.

Lilikuwa chungu kiasi kwamba ulimi ulikufa ganzi. Wenzangu hawakuwahi kunizuia, kwa sababu haikuwapitia akilini kwamba mtu angekula tunda la barabarani. Miti ya mitaa ya Sevilla ni ya machungwa machungu, ambayo mji huyavuna kila majira ya baridi, na kwa muda mrefu mengi yamekuwa yakipelekwa Uingereza kutengenezewa jemu. Nilisimama pale na ganda mkononi, na jambo lililoniuma kuliko uchungu wenyewe ni kwamba mimi, miongoni mwa wote waliokuwapo, ndiye niliyepaswa kujua. Wahispania huliita chungwa *naranja*, na neno hilo limetoka kwenye Kiarabu, ambako ndiko sisi pia tulikopata neno narinji. Lakini kwetu narinji si chungwa la kula. Narinji ni lile chungu, lile ambalo bibi hulitia kwenye achari. Nilipojifunza Kihispania niliona *naranja* kwenye kamusi na maana yake chungwa, nikaridhika, nikaliacha neno la bibi yangu mlangoni. Neno moja lilikuwa limesafiri pande mbili za dunia. Upande mmoja likabaki na uchungu wake, upande wa pili likahamia kwenye tamu, na tunda la mtaani Sevilla lilikuwa likinena Kiswahili bila mimi kusikia.

Kwa mwanafunzi wa isimu hili ni jambo la kawaida, na tangu siku ile nilianza kuyaandika pembeni ya daftari la ngoma maneno ya namna hiyo. Sukari na *azúcar*, zafarani na *azafrán*, zaituni na *aceituna*. Hayo yamebaki ndugu wa damu. Lakini *alcalde*, ambaye leo ni meya wa mji, alitoka kwenye neno lilelile lililotupatia kadhi, na mtu atakayekwenda kwa *alcalde* wa Sevilla kudai mirathi yake atarudi mikono mitupu. Waislamu walitawala sehemu za rasi ya Iberia, yenye Uhispania na Ureno, tangu mwaka 711 hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492, na Kiarabu kiliacha alama kila mahali. Kila alama kwetu sisi watu wa pwani inaonekana kama jamaa tuliyepotezana naye, na mara nyingi ni jamaa kweli, ila ameishi maisha mengine.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu ngoma ilinifundisha jambo hilohilo, kwa ukali zaidi. Mwezi huo wa Januari mwalimu alitupandisha kutoka sevillanas hadi kwenye makofi ya bulerías, ambayo ni flamenko hasa. Hapo hesabu si tatu tena. Ni mzunguko wa midundo kumi na miwili, wao huuita *compás*, na uzito wake huangukia kwenye tatu, sita, nane, kumi na kumi na mbili. Ukiusikiliza vizuri utasikia vile vikundi vya tatu na vya mbili nilivyovisikia kule darajani. Nami nilivisikia. Wenzangu, ambao wengi walitoka nchi za kaskazini mwa Ulaya, walihangaika, wakahesabu kwa sauti, wakapotea kwenye saba. Mimi nilifumba macho, nikaiita vugo, nikaanza kupiga bila kuhesabu, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba nilikuwa na furaha isiyo na hofu. Nilikuwa nimefika kwetu.

Mwalimu alinyanyua mkono, chumba kizima kikanyamaza. Akaniambia, "Unapiga vizuri sana. Ila unachopiga si hiki."

Nilibisha moyoni kwa siku kadhaa. Nilikuwa nimerekodi darasa kwenye simu, nikaenda kusikiliza chumbani, na sikusikia kosa. Midundo yote ilikuwa mahali pake. Ilinichukua karibu miezi miwili kuelewa kwamba kosa halikuwa kwenye midundo bali kwenye mlango wa kuingilia na wa kutokea. Mzunguko wa vugo na chakacha, kama nilivyoupokea mimi, huzunguka kama gurudumu; hauna mahali pa kuishia, na mchezaji huingia popote, hutoka popote, na raha yake ni kutoona mshono. Bulerías huhesabiwa kuanzia kumi na mbili, halafu ndipo moja hufuata, na sentensi yake hufungwa kwenye kumi. Pale kwenye kumi mchezaji hukata. Miguu hutua, mkono husimama, gita hukata naye, na ule mdundo wa kumi na moja hubaki mtupu kama pumzi iliyozuiwa. Mimi nilikuwa nikiupitia mlango ule kila mara bila kuufunga. Mwalimu akitaka kukata, makofi yangu yalikuwa bado yanazunguka, na mchezaji aliyenitegemea angejikuta ameachwa hewani.

Kule kufanana kulikonipeleka mpaka penye mlango wa mkahawa ule ndiko kulikonizuia nisisikie kilichokuwa ndani. Laiti ningekuwa sijui kitu, ningehesabu kama wale wenzangu wa kaskazini, ningepotea kwenye saba, ningerudi, na huenda ningefika kwenye kumi mapema kuliko nilivyofika. Siijutii vugo yangu hata kidogo, maana bila hiyo nisingesimama pale darajani. Wala sidai kwamba chakacha na bulerías zina mama mmoja. Hilo sina ushahidi nalo. Nasema tu kwamba sikio langu lilikimbilia jibu kabla ya kulisikia swali.

Katika majira hayo mwenzangu mmoja wa darasani, ambaye hakuwa na nia mbaya, aliniambia mbele ya wote kwamba kwangu mimi ni rahisi kwa sababu sisi huzaliwa na ngoma kwenye damu. Iliniuma. Niliwaza habari ya kidole cha bibi begani, na alasiri zile zote za likizo tulizosimama nyuma ya kina mama mpaka mikono ikaingia ganzi, na ikawa kwamba kazi yote ile imefutwa kwa neno moja la sifa. Nilishindwa kujibu. Mwalimu ndiye aliyejibu, bila kupandisha sauti. Alisema kwamba maneno hayohayo ameyasikia maisha yake yote yakisemwa juu ya Wagitano, yaani Waroma wa Uhispania, kwamba wao huzaliwa wakijua, na kwamba wanaosema hivyo hawajawahi kukaa jikoni kwao kuona mtoto wa miaka minne akirudishwa mwanzo mara arobaini.

Kisha alituambia tuvae makoti, na badala ya darasa akatutembeza Triana. Alituonyesha mitaa ambayo familia za Wagitano ziliishi kwa vizazi kabla ya kuhamishwa katika miaka ya 1950 na 1960 kwenda kwenye majengo ya pembezoni mwa mji, na ua walizokuwa wakichezea zikabomolewa au zikageuzwa kuwa makazi ya wenye fedha. Watu hao wametajwa katika rasi ya Iberia tangu mwaka 1425, na mwaka 1749 mfalme wa Uhispania alitoa amri wakamatwe wote, wanaume upande mmoja, wanawake na watoto upande mwingine. Mwaka 2010 UNESCO iliiweka flamenko kwenye orodha ya urithi wa binadamu wote. Mwalimu hakulisema hilo kwa majivuno. Alisema kwamba ni vizuri wimbo kupewa heshima, na kwamba angependa na waimbaji wapewe nyumba.

Mwisho wa matembezi yale aliniita pembeni, akaniambia niende mtaa wa Recaredo, nje kidogo ya pale ulipopita ukuta wa zamani wa mji, nikalitazame kanisa dogo la Nuestra Señora de los Ángeles. Nilikwenda peke yangu siku ya Jumamosi. Pale ndipo makao ya udugu wa kidini unaoitwa Los Negritos, ulioanzishwa mwishoni mwa karne ya 14 chini ya askofu mkuu Gonzalo de Mena kwa ajili ya Waafrika wa mji huo, watumwa na walio huru. Sikuwa nimejua kwamba karne ya 16 Sevilla ilikuwa na maelfu ya watu weusi. Walicheza. Iliyoitwa guineo ilikuwa ngoma iliyohusishwa nao moja kwa moja, na zarabanda, ngoma nyingine ambayo wajuzi bado wanabishana juu ya asili yake, ilipigwa marufuku mwaka 1583 pamoja na nyimbo zake. Niliketi kwenye ngazi za nje kwa muda mrefu. Nilitaka kusema kwamba hawa ni watu wangu, na kwa maana moja ni kweli. Lakini wengi wao waliletwa kutoka pwani ya magharibi ya Afrika, wakizungumza lugha nisizozijua, na hakuna hata mmoja wao ambaye angeielewa salamu yangu. Wakati huo nilikuwa nimeshajifunza kulisubiri swali. Niliwaheshimu kama majirani, nikaondoka.

Mwezi wa Ramadhani mwaka ule uliingia tarehe 23 Machi, na siku chache baadaye saa za Ulaya zikasogezwa mbele, jua likawa linazama karibu saa tatu usiku. Darasa letu lilianza saa mbili. Nilimwambia mwalimu kwamba nitakuja, ila nisimame kidogo magharibi ikiingia. Siku ya kwanza nilitoka uani na chupa yangu ya maji na tende tatu ndani ya kikaratasi, nikala nimesimama, nikarudi haraka ili nisiwacheleweshe. Siku ya pili nilipotazama saa na kuelekea mlangoni, mwalimu alipiga kofi moja kali, kila mtu akasimama, akaweka mezani sahani ya tende alizozinunua mwenyewe sokoni na bakuli la supu ya dengu. Akasema kwamba ngoma hungoja. Ikawa hivyo mwezi mzima: dakika kumi za kimya katikati ya darasa, watu kumi na watatu wakiwa wameketi kuzunguka ua, wakila tende. Yule mwenzangu aliyenisifu kwa damu yangu ndiye aliyekuwa akiosha sahani.

Feria ya Sevilla mwaka 2023 ilianza wakati Idi yetu haijamaliza siku mbili. Feria ilianza mwaka 1847 kama mnada wa mifugo, na hadi leo farasi hupita mchana kutwa, ila sasa ni wiki nzima ya kula na kucheza katika mtaa wa Los Remedios, ilikohamia mwaka 1973. Zaidi ya mahema elfu moja husimamishwa kwa mistari, yenye mistari ya rangi na taa za karatasi, na ardhi humwagwa mchanga wa manjano wanaouita *albero*. Mengi ya mahema hayo ni ya familia na vyama, na asiye na mwenyeji hubaki nje akitazama. Mimi niliingia kwa kuwa mwalimu alinishika mkono na kumwambia mlinzi kuwa ni mwanawe. Nilivaa gauni la kuazima, la kijani lenye madoa meupe, likinibana mpaka magotini na kufunguka kwa marinda, na juu ya mabega nilijitanda leso yangu badala ya shali. Wengine walikunywa mvinyo uliochanganywa na soda ya limau. Niliomba limau peke yake, na hakuna aliyeuliza sababu.

Kule wanawake wawili kucheza pamoja ni jambo la kawaida kabisa. Mwalimu alisimama mbele yangu. Gita lilianza, nikasubiri, kwa maana kabla ya sauti kuingia huchezi, unasubiri tu huku mwili ukiwa tayari. Sehemu ya kwanza ilikwenda. Ya pili ikaenda vizuri zaidi, tukazungukana bega kwa bega, na marinda yake yaligusa yangu. Katika ya tatu, penye kupiga miguu, nilisahau. Nilipitisha hatua moja zaidi, nikajikuta upande usio wangu. Mwalimu hakunisahihisha wala hakunikonyeza; aligeuka tu, akachukua upande ulioachwa wazi, kana kwamba ndivyo ilivyokuwa imepangwa tangu zamani, na aliyekuwa akitutazama asingejua. Ya nne hukutanisha watu uso kwa uso, wakipita karibu sana na kurudi. Nilimwona akihesabu kwa macho. Kisha gita likakata, nasi tukakata nalo, mkono mmoja juu, mgongo umenyooka, na kwa kitambo kifupi sana hakuna kilichotikisika katika hema lile, hata ncha za leso.

Nilirudi Mombasa mwezi wa Agosti, binamu yangu akaolewa wiki ya pili. Usiku wa vugo nilipewa pembe, na kwa kuwa sasa nimekuwa mtu mzima niliwekwa mstari wa mbele, pembeni mwa kiti cha bibi. Tulianza. Mdundo uliingia mwilini kama maji kwenye mfereji wake, kina mama wakaimba, nami niligonga kwa furaha kubwa mpaka nikaona wenzangu wananitazama. Kila mzunguko ulipokaribia mwisho mkono wangu ulikuwa ukikata, ukaacha mdundo mmoja mtupu, na mstari mzima ulikuwa ukijikwaa kwenye shimo lile.

Bibi hakusema kitu. Alinyoosha mkono kutoka kitini, akanigonga begani kwa kidole kimoja, nami nikaishusha pembe, nikasikiliza mzunguko mzima ukipita, nikaanza tena.